Moteri Isizimike Njiani

Kisangani, Simi-Simi, 3 Februari 1957

Yaya Odile, dada yangu mpendwa,

Ninakusalimu wewe na shemeji Hubert. Sisi huku tunaamka vizuri. Mguu wa Mama ulivimba baada ya Noeli, lakini sasa anaenda sokoni mwenyewe na kugombana na wauza makemba, zile ndizi za kupika, kama zamani. Papa yuko majini na mitego yake. Maji yamepanda, yamemng'olea miti inayoishika, na anautukana mto kwa maneno ambayo Padri asingependa kuyasikia. Tulikungojea Mwaka Mpya. Mama alikuwekea samaki wa kukausha mpaka wakaanza kuliwa na panya. Hukuja, wala hukuandika kwa nini.

Bon, nifike kwenye neno langu, maana linaniwasha tangu juma lililopita: nimeruhusiwa kugusa moteri!

Unajua kwamba hapa uwanjani kazi yangu ilikuwa kusukuma ndege, kujaza petroli na kuosha mabawa. Sasa Monsieur Emile, mkubwa wa makanika, amenipa bisibisi mkononi akasema, "Lambert, leo wewe ndiye utatengeneza ralenti." Nilitazama nyuma nikidhani kuna Lambert mwingine.

Nikueleze, maana najua utauliza. Rubani akitaka kutua anarudisha gesi yote nyuma, lakini moteri haipaswi kuzimika. Inabaki inazunguka polepole, ikingoja. Huko kungoja ndiko tunakoita ralenti. Kwenye kabureta kuna skrubu mbili ndogo. Moja inasema moteri izunguke upesi kiasi gani. Nyingine inasema petroli kiasi gani ichanganyike na hewa. Petroli ikizidi, moteri inakohoa moshi mweusi na buji, zile zinazotoa cheche, zinajaa masizi. Hewa ikizidi, moteri inakufa rubani anapoirudisha chini. Tena haya yote hufanywa moteri ikiwa imepata moto wa kweli. Ukiitengeneza ikiwa baridi, inakudanganya.

Niliyotengeneza ni ile ndege ndogo ya moteri moja, inayopeleka barua na dawa kwenye posti za porini na kurudi na wagonjwa. Hata kwenu Yangambi inatua. Ukiiona inashuka, isikilize.

Mdogo wako,
Lambert

Yangambi, 10 Machi 1957

Lambert mdogo wangu,

Barua yako ilikaa ndani ya masua, ile meli ya mtoni, iliyokwama kwenye mchanga, ikanifikia ikinuka samaki. Nimefurahi hata hivyo. Sisi tuko. Hubert anakusalimu, siku hizi yuko kwenye mashamba ya majaribio ya michikichi tangu asubuhi, anarudi na matope mpaka kwenye masikio. Mimi bado ninawafundisha wanawake kushona kwenye foyer, nyumba ya mafunzo yao. Juzi mmoja alishona suruali ya mumewe yenye miguu miwili ya kushoto. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Hongera kwa bisibisi. Nilimsomea Hubert sehemu ile ya skrubu mbili, akasema sasa angalau mtu mmoja katika ukoo wetu anajua kupima maneno. Ndege yenu niliiona ikishuka Jumanne. Niliisikiliza kama ulivyosema. Niambie: mvua ikiwa imenyesha na majani ya uwanja yana maji, inaweza kutua? Na mgonjwa akiwa wa kulala, anatoshea ndani?

Tafadhali mwambie Mama anitafutie mabele sokoni, ule udongo mweupe wa kula, aufunge vizuri ndani ya jani. Wa hapa ni mbaya, una mchanga. Ni hamu tu.

Yaya wako,
Odile

Kisangani, 7 Aprili 1957

Yaya Odile,

Salamu nyingi. Papa amepata samaki wengi juma hili, mpaka majirani wamepewa bila kuomba. Mama yuko mzima, mimi pia.

Mabele unayaona ndani ya kifurushi hiki. Lakini nikuambie yaliyotokea. Nilipomsomea Mama barua yako jikoni, nikafika kwenye mabele, alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaweka kisu chini, sombe, yale majani ya muhogo, ikabaki nusu haijakatwa. "Mwanamuke anaomba mabele kwa hamu tu?" akasema. "Odile iko na mimba." Halafu akanikataza kumwambia Papa neno lolote mpaka wewe mwenyewe uandike.

Yaya, ni kweli?

Ndege inaweza kutua kwenye majani yenye maji, rubani wetu ni mwangalifu. Mgonjwa wa kulala anatoshea; kiti cha nyuma kinatolewa.

Kazi iko, bon. Siku hizi ninaosha mabawa. Hakuna mengi ya kusema.

Lambert

Yangambi, 12 Mei 1957

Lambert,

Natumaini Mama na Papa wako salama, na wewe unakula vizuri. Hubert alikuwa na homa, imepita.

Ni kweli. Niko mwezi wa sita. Sikuandika kwa sababu mara mbili niliandika mapema, na mara mbili Mama alishona vinguo ambavyo hakuna aliyevivaa. Safari hii nilitaka ninyamaze mpaka mtoto mwenyewe aseme. Sasa anapiga teke usiku na mchana, kwa hiyo nimeona ninaweza kuandika.

Daktari wa hapa amenieleza bila kuzungushazungusha. Wale wawili walikuwa wazima tumboni, walikufa njiani kwa sababu mifupa yangu haifunguki. Huyu wa sasa lazima nipasuliwe, na hapa hawana vyombo vya kazi hiyo. Ni Kisangani, hospitali kubwa. Masua inapanda mto polepole, nawe unajua mchanga wa huku. Uchungu ukianza ghafla, alisema, itabaki ndege tu. Ile yako ndogo.

Utaniuliza kwa nini nisije mapema nikangoje kwa Papa. Ulikuwepo kwenye mazishi ya yule wa pili. Ulimsikia Papa akimwambia Hubert mbele ya watu kwamba nyumba yake haijui kulea. Hubert alichukua kofia yake akarudi kwenye masua. Tangu siku hiyo Papa hajauliza habari zake hata mara moja. Siwezi kulala katika nyumba ambamo mume wangu hasalimiwi, hata kwa ajili ya mtoto huyu.

Sasa ni zamu yako. Rafiki ya Hubert aliyeshuka kwenye masua ametuambia kwamba huko Simi-Simi ndege ndogo ilizimika ikiwa inatua, ikaanguka kwenye majani, na watu wanasema kosa ni la Lambert wa kule kwa wavuvi Wagenia. Wewe umeniandikia kwamba unaosha mabawa. Mtu aliyeshika skrubu harudi kuosha mabawa hivihivi. Usinifiche. Mimi nimekuambia yangu.

Odile

Kisangani, 2 Juni 1957

Yaya yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena. Mama nimemsomea yote isipokuwa yale ya mazishi, ambayo anayakumbuka mwenyewe. Alilia kidogo, akaenda kutafuta kitambaa cha kushona. Nilimwambia angoje. Alisema hatangoja, safari hii atashona vitatu.

Bon. Yangu ni haya. Ndege haikuanguka, ilitua fupi. Rubani alirudisha gesi juu ya miti ya mwisho, moteri ikanyamaza kabisa. Akateleza nayo mpaka kwenye majani kabla ya uwanja, mguu mmoja wa ndege ukapinda. Hakuna aliyeumia. Lakini mtu wa mwisho kugusa ile skrubu ya petroli na hewa ni mimi. Monsieur Emile alikuwa kando yangu na yeye ndiye aliyetia sahihi, naye aliwaambia hivyo ofisini. Hawakumsikiliza. Walisema bisibisi irudishwe, nami nirudi kwenye ndoo ya maji.

Yaya, nilikuwa na hakika ni mimi. Nililala nikiizungusha ile skrubu kichwani. Ukiwa peke yako na ndoo unafikiri mengi.

Mguu wa ndege ulinyooshwa, Monsieur Emile akaitengeneza ralenti kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi moteri ilikwenda vizuri kabisa. Jua lilipokuwa kali, ikazimika tena, iko chini, haijakwenda popote. Nilikuwa ninaosha bawa la ndege ya pili. Akaniita kwa sauti mbele ya wote: "Lambert! Acha ndoo. Kuja tusikilize sisi wawili."

Tulisikiliza mchana mzima. Kuna namna ya kujaribu: moteri ikiwa na moto, unavuta polepole mkono wa chuma unaoinyima petroli. Ukiwa umepima vizuri, sindano inayoonyesha kasi ya mzunguko inapanda kidogo sana, halafu inashuka na moteri inakufa. Ikishuka mara moja bila kupanda, hewa ilikuwa imezidi. Ikipanda mno, ni petroli iliyozidi. Sasa hii yetu ilikuwa inapanda vizuri, na baadaye kidogo, skrubu haijaguswa, inashuka mara moja. Monsieur Emile alivua kofia akajikuna. "Alors," akasema, "tunapima mchuzi na mtu mwingine anaongeza maji."

Tukaanza kutafuta mahali hewa inapoingilia. Yeye alipita upande wa kushoto, mimi kulia. Chini ya bomba moja linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda kulikuwa na doa la buluu, rangi ya petroli iliyokauka. Nilimwonyesha. Alipapasa kwa kidole, akakuta mpira unaounga bomba umepasuka kwa ndani. Moteri ikiwa baridi, ufa unajifunga. Ikipata moto na kutikisika, unafunguka na kunywa hewa. Hakuna skrubu duniani ingeweza kuponya hilo. Alinitazama akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya hangari nikafuta uso.

Lakini mpira mpya lazima utoke Léopoldville, na mpaka ufike ndege hairuki. Hatujui lini. Nakuomba, yaya, panda masua sasa. Nitazungumza na Papa.

Lambert

Yangambi, 23 Juni 1957

Lambert,

Mimi na mtoto tuko vizuri. Nimefurahi kwa ajili yako, na Hubert alipiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika.

Usizungumze na Papa. Mtu anayesukumwa kusema pole haisemi, anaitema tu. Kama mpira haujafika, nitangoja mpira.

Odile

Kisangani, 14 Julai 1957

Yaya Odile na shemeji Hubert,

Nawasalimu kwa mikono miwili! Mama ni mzima na amemaliza vinguo vitano, hataki kusikia habari ya vitatu.

Mpira umefika. Monsieur Emile aliufunga, kisha akanipa bisibisi mbele ya mtu wa ofisi na kusema atatia sahihi tena hapohapo, asiyetaka aondoke. Tuliiacha moteri ipate moto. Niliweka kwanza mzunguko, kisha nikaanza na skrubu ya pili, kidogo, nikingoja, kidogo tena. Kila baada ya kugeuza, rubani aliongeza gesi ili buji zijisafishe, halafu akarudisha. Tulivuta ule mkono: sindano ikapanda kidogo, ikashuka, moteri ikafa kama inavyotakiwa. Tukaiwasha, tukarudia jua lilipokuwa kali. Vilevile. Siku ya pili, vilevile. Sasa nimerudishwa kwenye moteri, na ndege inaruka.

Sasa habari ya Papa. Mimi nilinyamaza kama ulivyotaka. Mama hakunyamaza, wewe hukumkataza yeye. Alimwambia yote wakiwa wanakula: mimba, mifupa, ndege, na kwa nini huji. Papa aliosha mikono akatoka. Kesho yake nilimwona anaingia Simi-Simi juu ya baiskeli, amevaa koti la kanisani. Tangu nianze kazi hapa hajawahi kukanyaga. Alikuja mpaka mbele ya ndege, moteri ikiwa inazunguka polepole, na nikamvuta nyuma asikaribie hélice, lile panga la mbele.

"Ni hii itamuleta Odile?" akauliza.

"Kama kutakuwa na haraka, Papa, ni hii."

"Mbona inazunguka na haiende?"

"Inangojea. Rubani akiiomba nguvu, inampa. Akiirudisha, inangoja tena bila kuzimika. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Alisikiliza. Unajua anavyosikiliza maji kabla ya kuingia na mtego, kichwa kimeinama upande. Alisikiliza hivyo muda mrefu.

"Basi ifanye vizuri," akasema. Halafu, akiwa tayari ameshika baiskeli: "Jioni utaniandikia barua. Ya Hubert."

Hii hapa, kwa maneno yake, sikubadilisha kitu:

"Hubert, mukwe wangu. Nimepanga kitanda mu chumba cha mbele, kile cha dirisha. Ni ya wewe na bibi yako. Siku utafika mimi mwenyewe nitakungojea ku port. Basile."

Nilimwuliza, "Ni hayo tu, Papa?"

"Ni hayo. Ingine nitamwambia yeye mwenyewe. Karatasi haina macho."

Yaya, jibuni upesi. Mwisho wa mwezi ninapelekwa Léopoldville kusoma makanika. Monsieur Emile ndiye aliyeomba. Nilitaka kukataa mpaka wewe uzae, lakini Mama alisema mimi si mkunga.

Lambert

Léopoldville, 25 Agosti 1957

Yaya,

Sijui nielekeze barua hii wapi, Yangambi au nyumbani, kwa hiyo ninaipeleka nyumbani. Natumaini wote mko wazima. Barua yako ya mwisho ilisema mtapanda masua wote wawili kabla ya katikati ya mwezi. Tangu hapo, kimya. Hapa tuna darasa zuri, tunafungua moteri kubwa kuliko jiko la Mama, na mimi sioni kitu. Kila ndege inayotoka juu ya mto ninaiuliza. Marubani wamenichoka. Tafadhali, mtu yeyote aandike. Hata neno moja.

Lambert

Kisangani, 8 Septemba 1957

Lambert mdogo wangu mpendwa,

Tuko wazima. Wote. Nimeliandika kwanza ili ukae chini.

Nimekawia kwa sababu mshono wangu ulipata joto na nilikatazwa hata kuinua kikombe. Mama hajui kuandika, na Hubert alikuandikia barua ambayo tumeikuta bado iko mfukoni mwa koti lake. Msamehe. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na jua.

Masanduku yalikuwa yamefungwa, masua tuliyoingojea haijafika, uchungu ukaanza. Daktari wa Yangambi akaita Simi-Simi kwa redio. Ilikuwa inanyesha. Nililala kwenye kitanda cha kubebea, Hubert ameshika mwavuli juu yangu na yeye mwenyewe analowa, nikasikia ndege yako juu ya miti. Ilitua, maji yakiruka pande zote. Hakukuwa na nafasi ya Hubert. Niliingia mimi na muuguzi, Adèle. Hubert alisimama kwenye mvua akipunga ule mwavuli.

Njiani sikuogopa, uchungu hauachi nafasi ya woga. Lakini tulipokaribia Simi-Simi rubani akarudisha gesi, na sauti yote ikashuka. Lambert, hapo niliogopa. Nilikumbuka barua zako zote. Nilimshika Adèle mkono, nafikiri nilimwumiza. Halafu nikaisikia, chini kabisa, polepole, bila kukatika, kama mtu anayepumua usingizini. Ikaendelea hivyo mpaka magurudumu yakagusa, ikaendelea tukiwa tunatembea uwanjani, ikazimika pale tu rubani alipoizima mwenyewe. Wewe ulikuwa mbali, lakini nilijua ni mkono wa nani.

Monsieur Emile alikuja mlangoni mwa ndege na camionnette, ile gari ndogo ya mizigo. Alisema kitu kimoja tu: "Madame, mwambie yeye imefanya vizuri." Ninakuambia.

Mtoto ni wa kike. Alilia kabla hawajamaliza kumtoa. Mama anasema alilia kama mwuza makemba.

Sasa ngoja nikueleze ya port, Mama aliniambia. Hubert alikuja na masua ya kwanza aliyoipata, hajui kama mimi na mtoto tuko hai. Papa alikuwa amesimama pale bandarini tangu masua ionekane kama nukta kwenye maji, na lile koti la kanisani. Hubert aliposhuka alisimama, hakujua asogee au asisogee. Papa alimchukulia sanduku mkononi, akalifunga nyuma ya baiskeli. "Mutoto iko muzima," akasema. "Bibi yako iko muzima. Tuende." Wakaja hospitali kwa miguu, baiskeli katikati yao. Mahali fulani walisimama wakaongea. Nimemwuliza Hubert waliongea nini. Ananiambia, "Mambo ya wanaume wawili." Papa nisingethubutu kumwuliza. Lakini walipoingia chumbani macho ya wote wawili yalikuwa mekundu, na Papa ndiye aliyekuwa amevaa kofia ya Hubert.

Watu wa nyumbani walitaka Papa atoe jina, ndiyo desturi, naye ndiye mkubwa. Alikataa. "Baba yake iko hapa," akasema. "Yeye atoe." Hubert alifikiri mpaka kesho yake, akamwita Colette. Hakuna mtu wa jina hilo kwetu wala kwao Maniema. Alisema alitaka jina ambalo halijaliliwa na mtu bado.

Papa hawezi kulitamka. Anakuja kila asubuhi kutoka kwenye maji, bado amelowa, anasimama mlangoni kwa sababu Mama hamruhusu kukaribia na harufu ya samaki, na anaita kutoka pale: "Koleti! We, Koleti!" Hubert anamsikia, na hamrekebishi. Tangu jana na yeye anaita hivyohivyo.

Yaya wako,
Odile